Friji moja, bei tatu

Mwezi huu nilikuwa nimekuandalia stori ya wivu, tena ya moto kweli kweli, lakini nimeiweka kiporo. Sababu ni simu. Jumamosi usiku shosti wangu mmoja wa Gungu kanipigia analia. Kaagiza kabati la nguo kwa duka la mtandaoni, katuma pesa yote aliyoambiwa, halafu kesho yake kaletewa ujumbe kwamba ile bei haikuwa na VAT, aongeze. Mume wake hajui. Ananiuliza mimi afanyeje.

Nikamwambia, shosti, futa machozi, kaa chini nikupe ya kwangu. Lile friji unaloliona jikoni kwangu, lile unalolisifia kila ukija, lina bei tatu. Na kila bei ilikuwa na ugomvi wake.

Ilikuwa mwaka 2024. Ndoa yetu ilikuwa na miezi minane, tumepanga vyumba viwili na sebule Mwanga, mimi afisa mikopo, mume wangu mwalimu wa sekondari upande wa Ujiji. Maisha si mabaya, maisha si mazuri, ni yale ya kuhesabu. Sasa wewe uliyekaa Kigoma unajua tatizo la nyumba isiyo na friji. Jioni unateremka Kibirizi, mgebuka yupo, mbichi, bei ya kupendeza, mkono unakuwasha ununue watano. Lakini huna pa kuwaweka. Unanunua wawili, unawala usiku huo huo, kesho unateremka tena. Mama mkwe wangu anayekaa Ujiji alikuwa ananicheka: "Mwanangu, wewe unaishi kama mvuvi, siku kwa siku."

Tukaanza kudunduliza. Miezi mitano, kila mshahara ukiingia kila mmoja anatupia chake. Tukafika laki tisa na nusu.

Maduka ya vifaa vya umeme hapa mjini yapo, sisemi hayapo. Lakini ukishaona bei za Dar es Salaam kwenye simu, za hapa zinakuuma. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, leo ni zaidi ya miaka mia, na bado kitu kikitoka Dar tunakiongelea kama kimetoka ng'ambo. Kilomita zaidi ya 1,200 si mchezo. Basi nikawa usiku nazungukia kurasa za Instagram. Wengi hawaweki bei kabisa, wanaandika "bei njoo inboksi", kana kwamba bei ni siri ya chumbani. Lakini duka moja lilikuwa limeandika wazi, kwa maandishi mekundu makubwa: milango miwili, rangi ya fedha, 850,000 tu. Nikaipenda kwa hiyo "tu". Nikaona hawa ndio wastaarabu.

Nikamwonyesha mume wangu. Akasema, laki nane na nusu, nauli ya mzigo mpaka Kigoma sabini, tunabakiwa na thelathini ya dharura. Sawa, agiza. Akaniachia kila kitu mimi, kwa kuwa, eti, mimi ndiye mtu wa fedha.

Nikaagiza. Dada wa dukani alikuwa na maneno matamu hujawahi kusikia. Karibu mpendwa, hujakosea mpendwa, lipa kwa lipa namba hii mpendwa. Nikatuma laki nane na nusu yote, mara moja, saa nne asubuhi, nikiwa kazini. Saa sita ujumbe ukaingia. Upendo umeisha.

"Dada, bei yetu haina VAT. VAT ni 153,000. Kufunga mzigo 20,000, kuupeleka stendi 15,000. Ukikamilisha tunatuma leo."

Nikapiga simu. Nikasema, jamani, mbona hamkuandika? Akaniambia, dada, hiyo ni kawaida, biashara zote ziko hivyo. Halafu akashusha sauti kama ananifanyia hisani: "Kama hutaki risiti, tunakuachia hiyo hiyo laki nane na nusu."

Hapo ndipo unapojuta. Pesa iko kwao, mzigo uko kwao, mimi niko Kigoma na simu mkononi. Kuchukua bila risiti nikaogopa, maana friji likigoma kugandisha baada ya mwezi, dhamana nitaidai kwa karatasi gani? Kurudishiwa pesa, akasema inachukua siku saba za kazi na kuna makato. Nikapiga hesabu. Laki nane na nusu, na 153,000, ni milioni moja na elfu tatu. Na 20,000, na 15,000, na nauli 70,000. Jumla 1,108,000. Tuliyokuwa nayo ni 950,000. Pungufu 158,000.

Sasa hapa, msomaji wangu, ndipo nilipokosea mimi. Mpaka hapo nilikuwa nimekosewa.

Nyumbani kulikuwa na bahasha. Ndani yake 240,000, ya macho ya mama mkwe. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, jicho la kulia ukungu mtupu, la kushoto nalo limeanza kufuata, na tulikuwa tunasubiri madaktari wa macho waje mjini. Nikasema moyoni, natoa 158,000, mshahara ukiingia mwisho wa mwezi narudisha, hakuna atakayejua. Bahasha ikabaki na 82,000. Jioni mume wangu akauliza, "Vipi, wametuma?" Nikasema wametuma. "Kwa ile bei?" Nikasema kwa ile bei.

Kazi yangu ni mikopo. Kila siku mtu anakaa mbele ya meza yangu, namwonyesha kwa kidole: mkopo ni huu, riba ni hii, ada ya fomu ni hii, jumla utakayorudisha ni hii hapa chini, soma kabla hujasaini. Ndiyo mimi huyo huyo.

Friji likaja, zima, zuri, linang'aa. Tukalichomeka, tukakaa tunaliangalia kama tivii. Siku ya tatu mume wangu akawa anasoma karatasi za dhamana, akakuta risiti ya EFD imebanwa kwa pini. Nikamwona ananyamaza. Unajua ule unyamavu wa mwalimu akisahihisha mtihani na kukuta majibu ya watu wawili yanafanana.

"Mke wangu," akasema, "wewe ulisema friji ni laki nane na nusu."

"Ndiyo."

"Hapa pameandikwa laki tano na tisini."

Nikachukua risiti. Kweli: jumla 590,000, VAT ndani yake 90,000. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaisoma. Nikabaki mdomo wazi, na mdomo wazi wa mtu aliyeshangaa na wa mtu aliyekamatwa unafanana sana.

Akauliza kwa upole, ule upole unaotisha: "Hiyo laki mbili na sitini nyingine imekwenda wapi? Kwenu Kasulu?"

Jamani! Kwenu Kasulu! Niliumia mpaka nikakosa pumzi. Nikakimbilia simu, nikamfungulia meseji zote za malipo, moja baada ya nyingine, aone kwamba sikuiba hata shilingi. Akazijumlisha kwa kalamu nyuma ya bahasha ya dhamana. Milioni moja laki moja na nane. Akaniangalia.

"Kwa hiyo hukunidanganya kwa kupandisha. Ulinidanganya kwa kushusha." Akatulia kidogo. "Na tulikuwa na laki tisa na nusu. Iliyozidi imetoka wapi?"

Sikujibu. Hakuhitaji jibu. Alinyanyuka akaenda moja kwa moja kwenye bahasha.

Sitakuelezea usiku ule. Nitakuambia tu kwamba madaktari wa macho walikuja tarehe 18, wakakaa wiki moja, wakaondoka, na mshahara wangu huingia tarehe 25. Tulikopa kushoto na kulia, hatukufikisha, na foleni ilikuwa ndefu, mama akaambiwa asubiri awamu nyingine. Mwenyewe alisema tu, "Mwanangu, ukungu nimeuzoea." Maneno hayo bado yananichoma kuliko yote aliyosema mume wangu. Na mume wangu alisema mengi, lakini lililobaki kichwani ni moja: "Wewe na yule wa Dar mna tofauti gani? Yeye alikupa bei nusu, na wewe ukaniletea mimi nusu."

Tulinuniana wiki mbili. Friji linanguruma, sisi kimya.

Aliyeniokoa ni binamu yangu mhasibu, alikuja kutoka Tabora kwa shughuli zake. Tukaenda Katonga jioni, tukaagiza dagaa wa kukaanga, nikamwekea risiti mezani pamoja na meseji zote. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alichukua kikokotoo cha simu.

Akaanza na swali ambalo sikuwahi kujiuliza: VAT inakaa wapi, nje ya bei au ndani ya bei? Mimi nilijua kama ulivyojua wewe, bei hii hapa, VAT inaongezwa juu yake. Akasema hapana. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Julai 2015, inaanza na pesa yote aliyotoa mnunuzi, halafu kodi inachomolewa humo humo. Kwa kiwango cha asilimia 18, kila shilingi 118 unazolipa, 18 ni za serikali na 100 ni za muuzaji. Kwa hiyo ukinunua kitu cha 118,000, elfu 18 ni VAT na iko ndani tayari. Muuzaji ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuitenga na kuipeleka TRA. Si kazi yako wewe kuletewa kwa meseji saa sita mchana.

Akapiga: laki nane na nusu mara 18, gawanya kwa 118. Ikatoka 129,661. "Hiyo," akasema, "ndiyo VAT iliyokuwa ndani ya bei uliyoiona kwenye tangazo, kama tangazo lilikuwa la mtu mkweli."

Nikamwambia, lakini wao wanasema bei yao ni kabla ya kodi. Akasema hiyo wanaweza kuambiana wenyewe kwa wenyewe, mfanyabiashara na mfanyabiashara, kwa sababu mnunuzi aliyesajiliwa VAT anairudisha ile kodi kwenye mahesabu yake, anajali bei kabla ya kodi. Wewe mwenye jiko Mwanga huirudishi popote. Kwako wewe bei ni ile inayotoka mfukoni. Mtu akikutangazia pungufu ya hiyo akijua atakuongezea mbele ya safari, amekupotosha kuhusu bei, na hilo linakatazwa tangu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Tume ya Ushindani, ile FCC tunayoisikia ikikamata bidhaa bandia, kazi yake ni hiyo pia.

Kisha akaniuliza kama kabla ya kulipa niliwahi kuonyeshwa oda yangu yote, mstari kwa mstari, nikapewa nafasi ya kusahihisha au kusema sitaki. Nikacheka. Nilipewa "mpendwa" na lipa namba. Akasema Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ina sehemu nzima ya kumlinda mnunuzi: anayeuza mtandaoni anatakiwa akupe taarifa kabla hamjafunga mkataba, akupe nafasi ya kuipitia oda yote, kurekebisha makosa, na kujitoa kabla hujaituma. Mimi niliipitia oda yangu nikiwa nimeshalipa. Kama kusoma menyu ukiwa unapiga mswaki.

Tukafika kwenye swali la risiti, na hapo binamu yangu akabadilika sura. "Hili la 'unataka na risiti au bila risiti' linaniudhi kuliko yote," akasema. Kwa sababu linasemwa kana kwamba kodi ni ada ya karatasi. Muuzaji anatakiwa atoe risiti ya pesa aliyopokea, uitake usiitake, na sheria inakubana na wewe mnunuzi uidai, kuna faini pande zote mbili. Ukikubali bila risiti hujasamehewa kodi. Unashirikishwa.

"Na wewe," akaniambia, "uliyesema nataka risiti, tazama walichokufanyia." Walinitoza 153,000, wakaiita VAT. Risiti yao inasema VAT ni 90,000, kwa sababu wameandika mauzo ya 590,000 badala ya 1,003,000. Sasa elfu sitini na tatu niliyotoa kwa jina la serikali imekaa wapi? Kama ingekuwa kodi ingekuwa kwenye risiti. Haipo kwenye risiti, basi haikuwa kodi.

Nilikaa nikaangalia ziwa. Milima ya Kongo ilikuwa inaonekana, jua linazama nyuma yake, na mimi nawaza elfu sitini na tatu. Kumbe katika ile 158,000 ya macho ya mama, zaidi ya theluthi yake haikuwa kodi wala nauli. Ilikuwa mfukoni kwa mtu.

Kuna kitu kingine alinionyesha ambacho naomba ukikumbuke ukishika risiti yoyote. Juu, chini ya TIN, kuna mstari umeandikwa VRN. Hiyo ndiyo namba ya usajili wa VAT. Duka ambalo halijasajiliwa, mashine yenyewe inaandika kwamba halijasajiliwa. Na asiyesajiliwa haruhusiwi kutoza VAT hata senti moja. Kiwango cha lazima cha kujisajili kilikuwa mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka, mwaka 2023 kikapandishwa hadi milioni 200. Sasa fikiria wale wote wanaouza viatu na mapazia kutoka sebuleni kwao na kukuambia "bei haina VAT". Wengi wao hata hawafiki huko. Hiyo VAT wanayokuongezea ni ya nani? Na kama una wasiwasi na risiti yenyewe, ina namba ya uhakiki na ile alama ya kuskani. TRA wana ukurasa wa kuhakiki, unaona kama walichokuandikia ndicho kilichofika kwao.

Niseme pia, kwa haki, kwamba wafanyabiashara nao wana kilio chao. Mwaka 2023 Kariakoo ilifungwa siku kadhaa kwa mgomo, mwaka 2024 tena, na malalamiko makubwa yalikuwa mambo ya kodi na namna inavyokusanywa. Anayeuza kwa risiti anashindana na wa mlango wa pili asiyetoa. Naelewa. Ila sielewi kwa nini mzigo wa ugomvi huo uje kuangukia bahasha ya mama mkwe wangu Ujiji.

Usiku ule nikarudi nyumbani nikampa mume wangu maelezo yote. Ndiyo mara ya kwanza tuliongea bila kununa. Yeye kama mwalimu akataka kujua wenzetu wanafanyaje. Nina rafiki niliyesoma naye, familia yao ilitokea kambi ya Nyarugusu ikapelekwa Marekani, sasa yuko Houston. Tukampigia. Akacheka sana. "Huku ndiyo usiseme! Kiatu kimeandikwa dola mia, ukifika kwa keshia ni mia na nane na senti ishirini na tano." Marekani kodi ya mauzo inaongezwa mwisho, na kila jimbo na mji una kiwango chake, kwa hiyo lebo ya rafu haikwambii utakacholipa. Watu wamezoea, kila mtu anajua kwamba bei ya lebo ni pungufu. Ulaya wao walikataa. Tangu mwaka 1998 kuna agizo la Umoja wa Ulaya kwamba bei anayoonyeshwa mnunuzi wa kawaida ni ya mwisho, VAT na kodi nyingine zikiwa ndani. Afrika Kusini imo kwenye sheria yao ya VAT ya mwaka 1991, na sheria yao ya biashara ya mtandaoni ya 2002 inataka bei kamili pamoja na usafirishaji, kodi na gharama nyingine zote. Japani waliwahi kulegeza kwa miaka kadhaa, Aprili 2021 wakarudisha lazima ya kuonyesha jumla. Na kama unadhani haya ni mambo ya mbali, kachukue boksi la dawa au kipodozi cha India hapo dukani, baadhi yana maandishi madogo ya bei ya juu kabisa, na mbele yake wameandika kwamba kodi zote zimo.

Kenya, majirani zetu, mwaka 2016 Mamlaka yao ya Ushindani iliwaagiza watoa huduma za fedha kwa simu wamwonyeshe mteja gharama kabla hajabonyeza kukubali. Kabla, si baada.

Mume wangu akasema kitu ambacho sijakisahau. Akasema sisi Watanzania bei kamili tunaijua vizuri sana, ila tunaijua tukiwa tunapokea. Mtu akikuomba pesa hakosi kusema "weka na ya kutolea". Hakuna anayesahau ya kutolea! Mama mkwe mwenyewe na ukungu wake machoni, ukimwambia unamtumia elfu kumi, anakujibu, "Na ya kutolea, mwanangu."

Tuliamua kumrudia yule dada wa duka, mara hii pamoja, simu katikati ya meza, spika imewashwa. Mimi nikaongea, yeye akawa ananiandikia tarakimu kwenye karatasi. Nikamtajia malipo yangu, tarehe na namba za muamala, nikamtajia risiti yake. Nikasema sitaki ugomvi, nataka moja kati ya mawili: risiti ya pesa niliyolipa, au urudishe elfu sitini na tatu uliyoiita kodi ambayo hukuipeleka. Akasema atamuuliza bosi. Bosi akapiga mwenyewe jioni, mkali. Nikamwambia risiti iko na meseji ziko, TRA wana ofisi Kigoma na FCC iko Dar kwao, si mbali. Ukali ukapungua. Baada ya siku nne ikaja risiti mpya kwa picha, jumla 1,003,000, VAT 153,000. Hatukurudishiwa shilingi. Mume wangu aliihakiki, ilikuwa ya kweli. Nilifurahi, halafu nikakaa nikawaza, nimefurahia nini? Serikali imepata yake, bahasha bado ina pengo.

Pengo lile nililijaza mimi, kwa mshahara wangu, miezi miwili, bila kuguswa na mtu. Awamu iliyofuata ya madaktari mama alikuwa wa tano kwenye foleni. Jicho la kulia limefunguka. La kushoto bado, tunangoja. Kitu cha kwanza alichosema alipokuja kututembelea, akisimama mlango wa jiko: "Kumbe ni la rangi ya fedha! Mimi siku zote nilijua ni jeupe."

Sasa turudi kwa shosti wangu wa Gungu na kabati lake. Nilimwambia mambo mawili tu. La kwanza amwambie mumewe usiku huo huo, jumla yote, kabla hajaongeza hata mia. Aliguna. Bado sijui kama amemwambia. La pili, mambo yamebadilika kidogo tangu friji langu, na ni vizuri ajue ili asiburuzwe. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 imeshusha VAT hadi asilimia 16 kwa mnunuzi wa kawaida, asiyesajiliwa VAT, anayelipa kwa benki au kwa njia ya kielektroniki iliyoidhinishwa. Kwa hiyo ukiambiwa ongeza kumi na nane na wewe unalipa kwa njia hizo, uliza kwa nini. Na kama wanakutajia bei ya kabati kwa dola, kama tulivyozoea hapa mjini kwa sababu ya biashara ya Bujumbura na Kalemie, tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza bei ya bidhaa au huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Shilingi, basi.

Akaniuliza, "Sasa nikiwauliza yote hayo si wataniona mshamba?" Nikamwambia mimi nimeshaonwa mjanja mara moja, iligharimu 158,000.

Sisi nyumbani tuna utaratibu. Hatujauandika, lakini upo. Atakayetaja bei ya kitu, mwingine anauliza, "Na ya kutolea?" Maana yake VAT, nauli, kufungasha, kila kitu mpaka mlangoni. Mume wangu wiki iliyopita alikuja na bei ya redio, nikamuuliza, akakaa kimya sekunde tatu, akarudi kwenye simu. Zile sekunde tatu nilizipenda.

Jana usiku tulikuwa tunatafuta godoro. Tukaliona zuri, futi sita kwa sita, bei imeandikwa wazi na "tu" yake mbele. Nikaandika: "Habari. Hiyo ndiyo bei ya mwisho, VAT ikiwa ndani, mpaka Kigoma mjini, na risiti ya pesa yote?"

Tiki mbili za bluu zimeonekana saa tatu na dakika kumi. Mpaka naandika hapa hajajibu.